Dakika Saba za Mkono wa Kushoto

Wito wa Baraza la Upimaji uliingia kwenye simu ya Tumpale siku ya Jumatatu, akiwa anamenya viazi kwa mkono mmoja. Mumewe alikuwa amemgongomelea msumari kwenye ubao. Kiazi kilichomekwa pale, naye alikimenya kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umelala mapajani, haujafunikwa hata na kanga. Alisoma mstari wa kwanza na kisu kikamponyoka.

"Baba Atu," aliita. "Wameniita."

Anyosisye, mumewe, aliingia kutoka uani, viatu vikiwa na tope la migombani. Aliichukua simu akasoma kwa sauti. Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, Chumba cha Kuonja namba mbili, Tukuyu. Mwombaji aje kama alivyo.

"Kama alivyo," alirudia. "Maana yake nini?"

Wote wawili walijua. Lugano, aliyefanya naye kazi kiwandani, alikuwa ameitwa mwaka uliopita. Alikwenda akiwa amemeza vidonge vyake vyote, kwa saa zake, kama daktari alivyomwelekeza. Walimpima wakapata moja na nusu kati ya kumi. Wakaandika kwamba amepona. Kadi yake ilifungwa siku hiyohiyo, na kwa kuwa dawa ilitolewa kwa kadi, dawa nayo ikakoma. Mwezi wa pili maumivu yalirudi. Kadi haikurudi.

Mkono wa Tumpale ulikuwa umevutwa na mashine ya kusokota majani ya chai, miaka mitatu nyuma. Madaktari walirudisha kila mfupa mahali pake na ngozi ikafunga vizuri, hata mgeni akiutazama haoni kitu. Lakini neva hazikukubali kwamba ajali imekwisha. Tone la maji likiudondokea aliona kama ameunguzwa, na mtu akifungua mlango ghafla, upepo tu ulimfanya apige kelele. Vidonge viwili kwa siku ndivyo vilivyomwezesha kupika, kwenda kanisani na kuongea na mwanawe Atupele kwenye simu bila kuuma meno.

"Siku kumi," alisema. "Niende kwa yule mzee wa Kiwira."

*

Zamani wagonjwa walipimwa na mashine peke yake. Ilisoma neva, ikatoa namba, karani akagonga muhuri. Kisha watu walionyimwa walikwenda mahakamani, na majaji wakasema kwamba mashine haiwezi kutoa ushahidi wa kitu ambacho yenyewe haikukihisi. Tangu hapo ikabidi awepo binadamu. Mgonjwa anavalishwa bangili ya waya na kofia nyepesi upande huu wa ukuta, na upande wa pili anakaa mtu mwenye afya aliyevaa vilevile. Mashine inayachukua maumivu ya huyu na kumhisisha yule. Watu wa kazi hiyo huitwa waonjaji.

Mzee Gwakisa alikuwa amefanya kazi hiyo miaka tisa. Sasa alikaa nyumbani, akiwaandaa watu walioitwa. Tumpale alimkuta barazani amejifunika blanketi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni mkono?"

"Umejuaje?"

"Unaubeba kama mtoto wa mtu mwingine. Kaa."

Tumpale aliweka chini chane ya ndizi aliyokuja nayo, akakaa. Mzee aliyatoa maelekezo yake bila kupoteza muda, kama fundi aliyezoea. Vidonge aviache Jumapili asubuhi. Siku ya kwanza ataona kama mzaha. Siku ya tatu atatamani kuukata mkono kwa panga.

"Usiukate," alisema, bila kutabasamu. "Sasa sikiliza la pili, ndilo linalowaangusha wengi. Nyie wagonjwa wa siku nyingi mmezoea kuyabana maumivu. Mnapumua juujuu, mnakaza tumbo, mnafikiria mambo mengine. Ukifanya hivyo mle ndani, mwonjaji anapata robo tu, karani anaandika tatu. Ukikaa kwenye kile kiti usishindane nayo. Legeza mabega, yaache yaje yote."

"Yote?"

"Yote. Ukitaka kadi, yote."

Alikuwa anataka kuendelea, lakini ghafla alikamata taya lake la kulia kwa mikono miwili na kuinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Tumpale aliinuka. Mzee alimpungia kidole asubiri. Ilipita dakika nzima.

"Jino," alisema alipoinuka, macho yamejaa machozi. "Si langu. Ni la mwalimu mmoja wa Busokelo, mwaka wangu wa tatu kazini. Mimi upande huu sina jino hata moja."

Alifungua mdomo akamwonyesha. Ufizi ulikuwa mtupu.

"Si wanasema maumivu mliyoonja huwa yanaondoka?"

"Baada ya siku tatu, ndivyo walivyotuambia. Na mengi yanaondoka kweli. Yale ya juu ya nane ndiyo hukaa. Nina mguu wa dereva mmoja hapa, unawasha usiku. Nina uchungu wa mama aliyechanika akijifungua." Alijivuta blanketi. "Hayo ya mwisho hata mke wangu sikumwambia."

Tumpale aliutazama mkono wake. Hospitali walimwambia mara nyingi kwamba maumivu yake ni ya tisa.

"Hakuna namna ya kumkinga mwonjaji?" aliuliza.

"Kuna kifuniko. Sheria inakupa haki hiyo. Ukisema 'funika,' mashine inakata palepale. Lakini karani anaandika kwamba mwombaji alisitisha, na faili lenye maneno hayo linatazamwa vibaya. Wanasema, kama inauma kweli, kwa nini asitishe?"

"Kuna aliyewahi kusema?"

Mzee Gwakisa alichukua ndizi moja akaigeuzageuza bila kuimenya.

"Miaka tisa," alisema. "Sikumsikia hata mmoja. Nilikuwa nasubiri, ujue. Kila siku nilikuwa nasubiri."

*

Jumapili asubuhi Tumpale aliviacha vidonge kabatini. Jumatatu alikuwa bado anaweza kufagia. Jumanne moto ulianza kwenye ncha za vidole ukapanda mpaka kiwikoni, na hakutoka tena kitandani isipokuwa kwenda chooni, akitembea pembeni pembeni ili asiguse ukuta.

Jumatano mchana mvua kubwa ilinyesha. Kelele za bati ziliingia mkononi kana kwamba kila tone linamwangukia yeye. Alikuwa ameuma upindo wa kanga. Anyosisye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali, maana hata godoro likitikisika kidogo aliumia.

"Meza nusu," alisema. "Nusu tu. Hawatajua."

"Watapata nne. Nne ni kadi kufungwa."

"Basi vumilia. Ni kesho tu."

Tumpale alitoa kanga mdomoni. "Nikuulize kitu. Ukiambiwa huu mkono, kama ulivyo sasa, umpe mtoto wa mtu, utampa?"

Anyosisye alijivuta mbele kwenye kigoda.

"Yule ameajiriwa," alisema. "Alijaza fomu mwenyewe. Wewe ile mashine ulijaza fomu ikushike?"

"Mzee Gwakisa naye alijaza fomu."

"Mama Atu, mimi sijui habari za Gwakisa." Sauti yake ilianza kutetemeka. Alikuwa mwanaume mkubwa, fundi wa nyaya za umeme, na Tumpale hakukumbuka lini alimsikia hivyo. "Mimi naogopa kitu kimoja. Kadi ikifungwa, hivi ulivyo leo ndivyo nitakavyokuona kila siku. Si siku nne. Kila siku mpaka mmoja wetu afe. Na mimi siwezi. Nakwambia ukweli, siwezi. Nitakimbia hii nyumba, halafu nitajichukia."

Mvua iliendelea. Tumpale alitaka kumwambia kwamba haogopi kuachwa, lakini lingekuwa uongo. Aliirudisha kanga mdomoni.

*

Ukumbi wa Baraza ulinuka dawa ya kusafishia sakafu. Watu sita walikuwa wamekaa kwenye benchi, na kwa namna walivyokaa, kila mmoja akilinda sehemu fulani ya mwili wake, Tumpale alijua kwamba hakuna aliyemeza dawa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Karani alikuwa Bwana Luvanda, kijana mtanashati mwenye miwani. Alimfunga bangili kwenye mkono wa kulia, ule mzima, akamvalisha kofia kwa adabu kabisa, akamsomea kanuni kwa kasi, kama anayemaliza sala aliyoizoea.

"Kipimo ni dakika kumi na moja. Kipimo kisichofika dakika saba hakihesabiwi na ombi linafutwa. Mwombaji ana haki ya kusema 'funika' wakati wowote. Umeelewa? Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa wa mbao nyembamba, umepakwa rangi ya samli. Chini ulibaki uwazi wa kama shubiri moja, na hapo Tumpale aliona raba mbili za kike, nyeupe, moja imefungwa kwa kamba ya kijani.

"Habari za asubuhi, mwombaji," sauti ilisema kutoka upande wa pili. Ilikuwa ya msichana mwenye mafua. "Mimi ni mwonjaji wa zamu. Niko tayari."

Bwana Luvanda alibonyeza kitufe cha kuwasha.

Tumpale alikuwa amejidanganya, bila kujua, kwamba yatapungua, kwamba mwingine akibeba, yeye atapumua. Hayakupungua hata kidogo. Yaliendelea kuwa yake yote, na wakati huohuo yakawa pia ya yule wa upande wa pili, kama moto unaowashia moto mwingine. Alilegeza mabega alivyofundishwa. Aliacha kukaza tumbo. Maumivu yakaja yote, mpaka begani, mpaka shingoni, mpaka akaona weupe.

Raba zilirudi nyuma haraka, kiti kikakwaruza sakafu.

"Nane nukta sita," alisema Bwana Luvanda, akiandika.

Dakika ya pili, Tumpale alisikia pumzi. Dakika ya tatu alisikia sauti ambayo ilimtia hofu kuliko yote aliyowahi kuogopa, kwa sababu aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya kuuma kanga, ikitoka kwenye koo la mtu mwingine.

"Tisa nukta moja."

"Mama," msichana alianza kusema. "Mama. Mama. Mama."

Saa ya ukutani ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde. Tumpale aliukazia macho. Dakika ya nne. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, fupi, la kutamkwa mara moja. Akilisema sasa, ombi linafutwa, na Jumatano ile ya mvua inakuwa maisha yake. Alifunga mdomo. Hakuna aliyemziba. Alinyamaza mwenyewe, huku akijua, huku akisikia. Dakika ya tano ikapita. Raba moja ilikuwa inapiga sakafu, inapiga, inapiga. Dakika ya sita kukawa na ukimya, na ukimya ulikuwa mbaya zaidi.

Mshale ukafika juu. Saba.

"Funika."

Bwana Luvanda aliinua kichwa. "Unasema?"

"Funika!"

"Mama, zimebaki nne tu. Uko tisa nukta mbili. Ukimaliza unapata miaka mitatu bila kuitwa. Una uhakika unajua..."

"Funika, nimesema! Funika!"

Ilibidi karani atafute kitufe cha kufunika. Kilikuwa chini ya meza, na alipotoa kidole kilikuwa na vumbi.

Karatasi ilichapwa palepale. Tisa nukta mbili. Mwombaji alisitisha. Kadi iendelee kwa miezi sita, kisha apimwe upya.

*

Anyosisye alisoma karatasi mara mbili, akamshukuru Mungu, akaisoma tena, akauliza, "Miezi sita?" Kisha akaenda kutafuta gari la kuwarudisha. Tumpale alitoka akakaa kwenye benchi la barazani. Alikuwa amemeza kidonge, lakini kingechukua saa nzima kufanya kazi. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka kutoka mlimani.

Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akatoka msichana wa miaka kama ishirini na mitano mwenye koti la kazi na kibandiko cha jina: Subilaga. Alikuwa ameukunja mkono wa kushoto kifuani na anajaribu kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Sketi yake ilikuwa imelowa. Chini alivaa raba nyeupe.

Aliketi mwisho wa benchi. "Umekuja kupimwa, mama?"

Tumpale alizitazama zile raba. "Hapana," alisema. "Nimemsindikiza mtu."

"Afadhali." Subilaga alipenga kamasi. "Wamenipa mapumziko ya dakika ishirini. Kuna mama nimemwonja sasa hivi, sijui anaishije. Kweli, sijui. Mimi nimejikojolea. Na yeye anaamka na mkono huo, anapika nao, halafu wanamwambia lete ushahidi."

Alianza kulia kimyakimya. Hakuna daktari, wala mchungaji, wala hata Anyosisye aliyewahi kuusema mkono huo hivyo. Tumpale alikuwa amengoja miaka mitatu amsikie mtu mmoja tu anayejua, na sasa amempata, na anamwogopa.

"Halafu akasema 'funika,'" Subilaga aliendelea. "Miaka minne nipo hapa. Nilidhani nimesikia vibaya. Mungu ambariki."

"Asimbariki," Tumpale alisema.

"Eti?"

"Ni mimi. Ni mkono wangu. Ningeweza kusema dakika ya tatu, nilikuwa nakusikia. Nilitazama saa mpaka ikafika saba ili wasinifutie. Ulipokuwa unamwita mama yako, mimi nilikuwa nahesabu."

Subilaga alimtazama usoni, kisha mkononi. Aliinuka. Tumpale alijikunyata akisubiri kofi, au tusi, au aitwe mlinzi. Msichana alizunguka benchi taratibu, akaja upande wake wa kushoto, upande upepo ulikokuwa unatoka, akakaa hapo bila kumgusa. Alipanua koti lake kwa mkono mzima. Upepo ukaacha kuufikia mkono wa Tumpale.

Walikaa hivyo. Tumpale alisema ndaga, asante ya kwao, nalo likatoka nusu.

"Mwonjaji, chumba namba mbili," kipaza sauti kiliita.

"Dakika ishirini hazijaisha," Tumpale alisema. "Usiende."

"Nikikataa watamwita mwenzangu. Jana ameonja watatu." Subilaga alisimama, mkono wa kushoto bado kifuani. "Na huu wako sijui kama utaondoka," alisema, bila hasira, akaingia ndani.

Tumpale alimfuata hadi ukumbini. Mzee mmoja mwenye bandeji mgongoni alikuwa anainuka kwa shida kutoka kwenye benchi. Tumpale alimsogelea haraka.

"Shikamoo, mzee. Ni dakika saba tu zinazohesabiwa. Mshale ukifika saba, sema 'funika.' Yule aliye upande wa pili ni msichana mdogo, ameshaumia. Watakupa miezi sita, lakini kadi haitafungwa."

Mzee alirudi nyuma. Macho yake yalijaa hofu. "Umetumwa na nani?" alinong'ona. "Nyie ndio mnaotumwa kutuharibia. Niondokee."

Mlango ulifungwa nyuma yake. Tumpale alisimama pale akitazama saa ya ukumbini. Nje Anyosisye alikuwa anaita, gari limepatikana, dereva hataki kusubiri. Dakika ya tano, sauti ya Subilaga ilianza kusikika kupitia mbao. Ya saba ikafika, ikapita. Ya nane. Ya tisa. Kwenye benchi watu waliinamisha vichwa, mmoja akaziba masikio. Zilifika kumi na moja kamili ndipo kukawa kimya.

"Mama Atu!" Anyosisye alikuwa mlangoni. "Twende. Umeshapata. Tuondoke hapa."

"Mwambie dereva aende," alisema Tumpale.

Alikwenda kwenye benchi, akakaa karibu na mwanamke mwembamba aliyekuwa wa kwanza sasa kwenye foleni. Mwanamke yule alivuta mkoba wake upande wa pili na kumtazama kwa mashaka.

"Habari yako, dada," Tumpale alisema. "Una namba ngapi?"

"Ishirini na nne." Mwanamke aliutazama mlango wa chumba namba mbili, akameza mate. "Kwani wanamfanya nini yule mle ndani?"

Tumpale akamweleza.